Mizi na Nyasi za Sebuleni

Jumanne, 2 Oktoba 1962

Mara ya tatu leo. Nimetoa nyasi zilizolowa karibu na mlango, nimemwaga jivu, nimetandika nyingine. Mikono inanuka mkojo hata baada ya sabuni. Madaftari ya darasa la kwanza bado sijasahihisha.

Mizi, mtoto wa mbwa, ana miezi miwili na kitu. Miguu mifupi, mwili mrefu, tumbo karibu liguse chini. Aliniachia mke wa daktari wa Kizungu wiki iliyopita, walipofunga mizigo kurudi kwao. Mwaka mzima nilimfundisha Kiswahili, akaona hiyo ndiyo zawadi inayonifaa. Alisema ni mbwa wa kukaa ndani. Hakuuliza ndani kwetu kukoje.

Kwake kulikuwa na saruji. Kwetu ni nyasi, ukuta hadi ukuta, na wageni huketi hapo hapo. Mtoto wa mbwa atajuaje kwamba nyasi za nje ni choo na za ndani ni heshima?

Jumatano, 3 Oktoba

Mae amekasirika. Mae ni mama wa marehemu mume wangu, Anselmi. Macho yake yalizimika miaka mitatu iliyopita. Mwaka jana Anselmi akafariki. Tumebaki wawili katika nyumba hii ya Kanazi, migomba pande zote. Mimi naenda shule kufundisha. Yeye huketi kwenye nyasi, mgongo ukutani, asubuhi mpaka jioni. Nje hatoki ila nimshike mkono.

Leo aliweka kiganja chini, pakawa pamelowa. Akakinusa. Akasema neno moja kwa Kihaya: "Embwa." Mbwa. Basi. Nikamnawisha. 

Nina aibu. Nina ukaidi pia. Tangu mazishi hakuna kitu kilichoingia humu kikanifurahia mimi.

Jumamosi, 6 Oktoba

Yule mama wa Kizungu alinieleza: mtoe akiamka, mtoe akila, mtoe akimaliza kucheza. Mpeleke mahali pale pale. Akifanya, msifu.

Nimempeleka chini ya mkahawa, ule mti wa kahawa karibu na jiko, mara kumi na moja. Amekimbiza kuku. Ametafuna majani. Amelala. Kisha nimemrudisha ndani, akafanya miguuni pa Mae.

Na mvua imeanza. Akikanyaga tope ananyanyua mguu na kunitazama kama mtu aliyedhulumiwa.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimeharibikiwa leo.

Shemeji Deo alikuja kutoka Muleba. Ni kaka mkubwa wa Anselmi. Aliketi kumsalimia mama yake, suruali ikalowa. Alisimama, akajitazama, akaona aibu zaidi kuliko hasira.

"Shemeji, mama yangu anaketi kwenye mikojo?"

Nikamletea kitambaa. Mae hakunitetea. Kwa nini anitetee?

Deo akasema atakuja tarehe ishirini na nane na gari la rafiki yake, amchukue Mae akaishi kwake. Alisema kwa upole. Si mtu mbaya. Mae alipopoteza macho, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani kumpeleka hospitali.

Ila Mae akiondoka, mimi nabaki hapa kama nani? Sikujaliwa mtoto. Kibanja hiki, shamba na nyumba, ni cha ukoo. Nitarudi kwa kaka zangu na sanduku langu moja.

Wiki tatu. Mwenye akili angempeleka mbwa mjini kesho, mitaa ya Bilele au Bakoba, ampe yeyote anayemtaka.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimempiga. Kwa kandambili. Nilimkuta amechuchumaa kwenye nyasi nilizotandika asubuhi. Alilia kama mtoto wa watu, akajificha nyuma ya Mae. Mae aliushusha mkono, ukamfikia mgongoni. Mizi alikuwa anatetemeka.

"Unampiga kwa sababu ya Deo," Mae akasema.

Kweli. Sijampiga tena na sitampiga.

Ijumaa, 12 Oktoba

Jambo la ajabu. Nilikuwa nasahihisha hesabu, Mizi yuko nyuma yangu. Mae akainua kichwa.

"Mwalimu. Mtoe."

"Nani?"

"Embwa. Anazunguka. Mtoe sasa."

Nikageuka. Kweli anazunguka, pua chini. Nikamnyakua, nikakimbia naye mvuani mpaka kwenye mkahawa. Akafanya! Nikamsifu kwa sauti, mwanamke mzima, kichwa kimelowa chapachapa. Jirani alisimama njiani akanitazama.

Nilimuuliza Mae amejuaje. Akasema akitembea nyasi zinasikika hivi, akitaka kujisaidia zinasikika vile. Akanionyesha kwa vidole. Mimi sikusikia tofauti yoyote.

Jumatatu, 15 Oktoba

Siku tatu sasa. Mae anasema, mimi nakimbia. Mara kumi tumewahi, mara mbili tumechelewa. Zote mbili kosa langu, nilikuwa jikoni.

Tatizo ni saa za shule. Nikiwa darasani namfungia jikoni, analia mpaka majirani wanasikia. Nikirudi jiko zima ni la kusafisha. Hapo hajifunzi kitu.

Mae amezungumza nami zaidi siku hizi tatu kuliko mwaka mzima. Habari yenyewe ni mkojo, lakini amezungumza.

Alhamisi, 18 Oktoba



Mvua ilivujisha paa la darasa letu, tukawaruhusu watoto mapema. Nimefika kwenye migomba nikaona mlango wa nyumba uko wazi. Mae alikuwa kizingitini, amepiga magoti, mkono mmoja unapapasa ukuta, mwingine umembana Mizi kifuani. Peke yake. Alikuwa ameingia jikoni kwa mlango wa ndani kumfungulia! Akashuka ngazi moja. Akashuka ya pili kwa makalio. Akafuata ukuta mpaka unapoishia, akasimama, akahesabu hatua kwa sauti. Saba. Mkono ukagusa mkahawa.

Akamweka chini. Akangoja kwenye mvua, kanga imemganda mwilini.

Nilitaka kukimbia nimshike. Sikwenda. Nilijibana nyuma ya mgomba kama mwizi. Miaka mitatu hajavuka kizingiti hicho bila mkono wangu au wa Anselmi.

Mizi akafanya. Mae akasema, "Ee, mwanangu. Ee." Sijawahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwake.

Nilizunguka kibanja, nikaja kwa njia ya mbele na kukohoa. Alikuwa amesharudi kuketi, amelowa.  Sikumuuliza. Nilimletea nguo kavu.

Jumanne, 23 Oktoba

Siku mbaya. Mizi ana tumbo la kuhara, nadhani alikula kitu jalalani. Ndani mara nne. Nimetoa nyasi zote za sebule, nimebeba mpaka shimoni. Sakafu iko uchi. Nyasi hukatwa kule rweya, uwanda wa wazi juu ya kijiji, na mvua hii hakuna anayekwenda.

Mae amejikwaa ngazini akimtoa, goti limechubuka. Nilipomfunga kitambaa nilimwambia imetosha, kesho nampeleka mbwa mjini. Akavuta mguu wake.

"Atapona lini?"

"Sijui, Mae."

"Basi ngoja apone."

Jumamosi, 27 Oktoba

Amepona. Jana na leo hakuna kosa hata moja. Asubuhi alikwenda mwenyewe mlangoni, akakwaruza, akaketi.

Nimekata nyasi rweya, mizigo miwili, shingo inauma. Nimetandika. Nyumba inanukia vizuri. Nguo za Mae nimezifua na kuzikunja. Zangu pia. Sijui nazikunjia nini.

Jumapili, 28 Oktoba

Deo alifika baada ya Misa ya pili, gari likabaki barabarani. Tukala ndizi na maharage. Mizi amelala kwenye paja la Mae. Deo alisifu nyasi. Nikaanza kuvuta pumzi.

Kisha akaanza kueleza. Chumba alichomtayarishia mama. Zahanati iliyo karibu. Wajukuu. Yote ya kweli. Aliongea kwa muda mrefu, na Mizi akaamka, akashuka pajani, akazunguka. Nilikuwa upande wa pili na sinia mkononi. Akafanya kwenye kiatu cha Deo.

 Deo akavua kiatu.

"Unaona, mama? Siku ile nilipokuja na leo, hakuna tofauti."

"Kosa ni langu," Mae akasema. "Nilimsikia anazunguka. Nikasema nikuache umalize kuongea."

Deo akanitazama. Nikatazama sinia.

"Mama, nimekuja kukuchukua upumzike."

"Nimepumzika miaka mitatu, Deo. Nimechoka kupumzika. Hapa nina kazi."

Akainuka. Hakuomba mkono. Akampapasa Mizi, akamweka kifuani, akafuata ukuta mpaka mlangoni, akashuka ngazi moja moja. Deo alinyanyuka haraka amdake. Nikamshika mkono wa shati. "Mwache, shemeji. Mwangalie."

Tulisimama mlangoni, yeye na kiatu kimoja. Mama yake akahesabu hatua zake saba. Deo alifuta macho kwa kiganja, akajifanya ni jasho.

Aliondoka saa kumi peke yake. Aliniambia kwaheri kwa Kihaya, akaniita mke wa mdogo wake, kama alivyokuwa akiniita wakati Anselmi yuko hai. Hakusema lolote kuhusu kibanja. Nadhani hatasema, walau kwa sasa.

Sikulia mpaka nilipokuwa naosha sinia.

Alhamisi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Hakuna shule. Tulikwenda Misa, Mae na fimbo, mimi nyuma kidogo.

Mvua ya mchana, nyepesi. Mizi alitoka mwenyewe, akarudi mwenyewe, akatingisha maji mlangoni. Hakuna aliyemsifu. Tumezoea.

Mae alikuwa anamkausha kwa kipande cha kanga.

"Mwanangu, huyu ana rangi gani?"

Mwezi mzima hakuwahi kuuliza. Nilifikiri kabla ya kujibu. Nikamwambia ni kama ganda la kahawa likikauka juani, na kifuani ana doa jeupe dogo.

"Mimi nilidhani mweusi," akasema.

Akaendelea kumkausha. Nikaenda kuweka maji ya chai.