Koti la Mzee Kanti

Tottenham, Landani
12 Januari 2025

Shikamoo Baba,

Natumai kifua kimepoa na sukari haijapanda. Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa. Barua hii anakuletea Gladness, nesi jirani yangu, anayekuja huko likizo. Mambo haya sithubutu kuyasema kwenye simu.

Unamkumbuka Mzee Kanti, yule sonara wa Mombasa aliyekaa ghorofa ya chini yangu? Alifariki Novemba. Desemba nilisaidia kutoa kitanda chake, na mjane wake, Mama Daksha, akanipa koti la marehemu. "Chukua, utakufa na baridi. Kanti alikuwa mnene, wewe lijaze kwa chapati."

Nimelivaa wiki tatu: kwenye basi, kazini ninakobeba matofali, hata mbele ya polisi wa stesheni. Lilikuwa zito upande mmoja, nikadhani ndiyo uzuri wa koti la zamani. Jana bitana ikachanika. Ndani mna bastola, Baba. Walther ndogo, inaenea kiganjani.

Hapa ukikutwa nayo ni miaka mitano jela, kisha unarudishwa kwenu. Kusema hukujua hakukuokoi. Wewe ulikuwa askari. Nifanyeje?

Mwanao, Abdulwakil

Mombasa
27 Januari 2025

Marahaba mwanangu,

Kifua kinasumbua kidogo, dawa nameza. Barua nimeisoma mara tatu, mlango nimeufunga.

Usiiguse tena. Usiitupe mtoni wala usipande nayo basi. Waite polisi waje wenyewe, na Mama Daksha aseme koti ni la nani.

Masonara nawajua: bastola kubwa kwenye droo ya duka, ndogo mwilini, kwa siku ambayo ile kubwa itaporwa. Nami ninayo. Ya serikali niliirudisha nilipostaafu. Ndogo niliinunua mwenyewe, haina kibali, na bado naifunga mguuni hata nikienda msikitini. Mama yako hajui. Nilidhani itaniondolea hofu. Tangu niifunge, sijawahi kuupa mlango mgongo.

Jumamosi tarehe 8 Februari, wapigie polisi simu saa nne asubuhi. Kwetu itakuwa saa saba mchana, nami nitakuwa mbele ya kaunta ya polisi na bastola yangu. Hutakuwa peke yako.

Baba yako

Tottenham
7 Februari 2025

Shikamoo Baba,

Mzima, ila chakula hakipiti.

Nilishuka kwa Mama Daksha. Akashika kichwa: "Kumbe Kanti hakuitupa! Aliniapia!" Akaahidi kuwaambia polisi. Mara mwanawe Alkesh akaingia. "Mama ana miaka themanini na mbili, hapelekwi kituoni. Ukimtaja, nitasema koti uliliiba." Mama akamkemea kwa Kigujarati. Yeye akachukua simu ya mama yake, akaitia mfukoni.

Koti liko msumarini. Nalipita nimejibana ukutani, kama anayempita mbwa wa watu. Kesho saa nne. Uwe pale, Baba.

Mwanao

Mombasa
2 Machi 2025

Mwanangu mpenzi,

U hali gani? Sisi tunakuombea.

Nilikuwa pale. Saa saba kamili niliiweka kauntani. Wakanikalisha benchini mpaka alasiri, wakaniandika jina, wakasema nitaitwa. Mama yako nimemwambia. Hasemi nami, ila chai ananiwekea. Mguu wa kulia umekuwa mwepesi, natembea kama mlevi.

Simu yako haiiti. Gladness amegonga kwako mara mbili, kimya. Akagonga kwa Mama Daksha. Mama akawahi kusema, "Mwambie baba yake niliwaambia polisi ukweli walipokuja," Alkesh akaufunga mlango.

Basi kama aliwaambia, uko wapi?

Nakuandikia nikiwa nimeupa mlango mgongo. Siku utakayofika usipige hodi. Ingia tu.

Baba yako