Kaseti Fupi ya Stima Imepotea

Diani,
Mei 1998

Kwa dada yangu mpendwa Mghoi,

Shikamoo, dada. Usicheke. Najua kwetu mlimani hatusalimiani hivyo sisi kwa sisi, lakini huku pwani nimefunzwa adabu, na mkubwa wangu ni wewe, kwa hiyo ipokee tu. Hamjambo hapo nyumbani? Baba anaendeleaje na goti lake? Mvua imewaachia mahindi kidogo au imekwenda nayo yote? Na Wakesho wangu, ameacha kula udongo? Mimi ni mzima, isipokuwa mikono, maana sabuni ya hoteli inachubua.

Utaona safari hii barua imekuja na kifurushi. Mwakio, yule mpishi wa kutoka kwetu, amepewa likizo ambayo hakuiomba, na ndiye aliyekuletea. Ndani mna kaseti moja na betri mpya. Tafadhali msitumie zile za shemeji anazozianika juani kila wiki mpaka zinatoka maji. Hii nataka isikike vizuri. Wala usiitie kwenye redio kabla hujamaliza kusoma. Nakujua wewe.

Kwanza nikueleze ni ya nani. Unakumbuka Krismasi nilikusimulia habari za vijana wa bendi hapa hotelini? Jioni huvaa mashati yenye picha za kasuku, ninayoyapiga pasi mimi, wakawaimbia wageni zile nyimbo za kuwakaribisha. Hiyo ni kazi yao. Lakini wana bendi yao wenyewe, wameiita Stima Imepotea, na huko hupiga roki, tena roki isiyofanana na ya mtu. Gitaa hunguruma kama mashine ya posho iliyomeza jiwe, halafu katikati kila kitu kinanyamaza na mmoja anapiga kengele ya baiskeli. Mara ya kwanza nilidhani wanagombana. Kisha nikasikiliza maneno. Ni Kiswahili kizuri, na wanaimba mambo ambayo hakuna mwingine angeyafikiria: tumbili anayeiba mkate mezani kwa wageni kisha akarudi kudai siagi, au ndara ya kushoto inayokaa ufukweni ikingoja ya kulia irudi kutoka majini. Unacheka, na ukishacheka unaihurumia ile ndara. Sijui wanafanyaje.

Mwaka juzi walitoa kaseti kamili, nyimbo kumi, na wafanyakazi wote kuanzia hapa mpaka Ukunda wanazijua zote. Ya pili ilikuwa njiani. Basi zikaja zile fujo za mwaka jana, ikafuata mvua isiyokatika, wageni wakaacha kuja. Sasa tuna vyumba vitupu vingi kuliko vyenye watu. Wengi wamepunguzwa kazi, na mpiga ngoma wa bendi alikuwa wa kwanza. Amerudi kwao Busia na ngoma zake. Kaseti kubwa ikakwama hapo.

Mwimbaji wao ni Bakari, kijana wa Munje, mpole, anayeongea polepole kama anayehesabu punje za mchele. Mchana mmoja alikuja chumba chetu cha kufulia kuchukua shati lake, akasimama mlangoni akitega sikio. Alikuwa akisikiliza mashine namba tatu. Mashine hiyo mguu mmoja ni mfupi, na ikianza kukamua nguo hugonga sakafu: du, du-ka, du, du-ka. Tumeilalamikia mpaka tumechoka. Bakari akasikiliza weee, akaniambia, "Dada Wawuda, mpiga ngoma wetu ndiye huyu. Tena huyu hapunguzwi kazi, wallahi."

"Akipunguzwa nitafua kwa mikono," nikamwambia, "na mikono yangu haina mdundo."

Msimamizi wetu Bi Saumu, mama wa Msambweni asiyecheka ovyo, aliwakubalia waje kurekodi pale, kwa sharti moja. "Mimi siwashi mashine kwa ajili ya ngoma," akasema. "Mkitaka mdundo, leteni mashuka." Wakaleta mashuka, wakaleta na mapazia ambayo sidhani yalikuwa machafu.

Dada, natamani ungekuwapo. Bakari ana mashine ndogo ya kurekodi aliyoachiwa na mgeni mmoja. Wakaitundika kwenye kamba ya kuanikia, wakafunga madirisha. Kazi yangu ilikuwa kutia nguo. Zikiwa chache mashine hukimbia, zikizidi hulala. Kamau, mpiga gitaa la besi, mtu wa Nairobi, ananipigia kelele, "Sista, ongeza taulo, biti inahepa!" Naye Bakari huku, "Taratibu, dada yangu, taratibu, usiitaabishe." Jasho linanitoka kama vile anayeimba ni mimi. Nyimbo tatu zikapita salama, ule wa tumbili ukiwamo. Wa nne, ndio unaoimba habari za mashine yenyewe, wakaukoleza, gitaa likapanda, na namba tatu nayo ikapandwa na wazimu. Ikatoka mahali pake ikaanza kutembea. Ikavuta mpira wa maji, mpira ukachomoka, maji yakaruka mpaka darini. Kamau akainua gitaa lake juu ya kichwa kama mama aliyebeba mtoto kwenye mto uliofurika. Nami nikapiga ukelele. Unajua ukelele gani? Ule wa marehemu mama, Mungu amlaze pema, alipokuwa akimfukuza ng'ombe kwenye maharagwe. Ulinitoka wenyewe. Nikaizima mashine, kukawa kimya, maji yakidondoka tu.

Nikaanza kuomba radhi. Bakari akainua mkono. "Usiombe radhi. Wimbo umekwisha pale pale." Wakauacha ukelele wangu kwenye kaseti. Ndiyo sauti ya mwisho upande huo.

Ni nyimbo nne tu, upande mmoja, na upande wa pili hauna kitu. Nilimuuliza Bakari kwa nini wasingoje wamalize kaseti kubwa. Akaniambia, "Ile kubwa haijaiva. Hii ndogo ni ya kuwaambia watu kuwa tuko. Mtu akinyamaza sana, siku akirudi huonekana mgeni."

Alisema hivyo akikunja waya zake, wala hakuniangalia. Lakini mimi nilikaa chini juu ya furushi la mashuka.

Unajua nilichokuwa nikikikumbuka. Krismasi, Wakesho alijificha nyuma ya sketi yako akanichungulia kwa jicho moja. Ulipomsukuma anisalimie akaniita anti. Kesho yake tulipokuwa tukienda dukani, mama mmoja wa kanisani akaita kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama Wakesho!" Nikaitika mimi. Kumbe alikuwa akikuita wewe. Tulicheka wote watatu, nami nilicheka zaidi yenu, na usiku sikulala. Sikulaumu, dada. Wewe ndiye unayemwogesha, wewe ndiye unayeamka akikohoa, na jina hilo umelifanyia kazi. Nasema tu kwamba liliniuma, na bado linaniuma.

Kaseti zilipoanza kuuzwa Ukunda watu walinung'unika kwamba wameuziwa nusu. Bendi nyingine ingejaza upande wa pili kwa kurudia zile zile. Bakari akamwambia mwenye duka, "Sisi tumesema yetu. Upande huo ni wake anayenunua." Wengine wakamwona amechanganyikiwa. Lakini sisi watu wa mbali tulimwelewa siku ile ile. Askari wa getini amejirekodi akimsalimia mkewe, akaipeleka Kitui. Mhudumu mmoja wa mezani amemsomea baba yake zaburi. Kwa hiyo sasa hivi, dada, tumbili anadai siagi katika nyumba ambazo hazijawahi kuona bahari, na mgongoni mwake amebeba salamu za watu. Mimi nawavulia kofia vijana hawa. Wamenyimwa ngoma wakapata mashine, wamekosa nyimbo za kujaza wakatupa sisi nafasi.

Upande wa pili wa hiyo uliyonayo ni wangu. Bakari aliniazima mashine yake ya kurekodi, na Bi Saumu akaniachia chumba wakati wa chakula cha mchana, akasimama mlangoni asiingie mtu. Nikaanza, "Mpendwa Wakesho, natumaini hujambo," nikajisikia kama chifu kwenye baraza. Nikafuta. Mara ya pili nililia. Nikafuta tena. Mara ya tatu namba tatu ikamaliza kufua, nikaona nisikae bure, nikatoa mashuka nikawa nayakunja huku naongea, kama nilivyokuwa nikiongea naye alipokuwa mgongoni kwangu nikianika nguo pale nyuma ya nyumba. Nimemsimulia tumbili. Nimemsimulia mashine inayotembea. Nimemwita lile jina la utotoni tunalolijua mimi na wewe. Utasikia mashuka yakipigwa, usishangae.

Sasa nakuomba jambo. Mpigie upande wa kwanza, acheze. Usimwambie chochote. Ukifika ule ukelele wa mwisho mwangalie uso, kisha uniandikie ulivyokuwa, usinipambie. Halafu geuza, umwache anisikilize. Nikimaliza, kaseti bado ina nafasi. Bonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, cha kupigia na kile chekundu, umpe nafasi hiyo yeye. Usimfundishe la kusema. Akiniita anti, na aniite anti. Akikataa kusema, usimlazimishe, iache izunguke mpaka ifike mwisho. Nitasikia kuku, nitakusikia wewe ukikohoa kwa moshi wa jikoni, na yeye akipumua karibu na redio. Mpe mtu yeyote anayeshuka Mombasa aniletee.

Kuja kwangu mwenyewe bado hakujaiva. Hapa waliobaki tunafanya kazi za walioondoka, na nikitoka leo nafasi yangu haitaningoja. Ndiyo maana nimeitanguliza hii fupi.

Msalimie sana baba, mwambie goti alisugue kwa mafuta niliyompa Mwakio wala asimgawie jirani. Msalimie shemeji na betri zake. Msalimie katekista wetu, ila upande wa kwanza asiusikie kabla ya Jumapili, atatutungia mahubiri. Na yule mama wa kanisani aliyekuita barabarani, msalimie pia, mwambie aendelee kukuita hivyo hivyo. Hakukosea.

Wasalaam, dada yangu. Nakupenda kuliko ninavyojua kusema.

Ni mimi mdogo wako,
Wawuda,
Mama Wakesho wa upande wa pili.