Mutoto Mwenye Hakushtuka Masasi

Mujukuu wangu Neema,

Hapa Majengo tuko wazima. Shangazi yako Riziki anakusalimia kwa mikono yake. Unaniuliza kama ni baraka mutoto wako kulala hata mulango ukigongwa kwa nguvu.

Riziki alilala hivyo wakati wa vita. Masasi ya bunduki yalilia, majirani wakamusifu: "Mutoto mupole!" Nami nilijivuna. Alipofika miaka mine, volkano ikalipuka. Nikamuita toka barabarani: "Riziki, kuya tukimbie!" Alinipa mugongo, akacheza na mawe yake, moto ukishuka nyuma ya nyumba. Nikarudi mbio, nikamunyakua. Hapo ndipo nilielewa.

Usingoje, mama. Kesho mupeleke wapime masikio. Mimi nilimuimbia Riziki miaka mine. Mikono yangu haikumuambia kitu.

Bibi yako, Zaituni