Nililioka Donge la Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumapili haijanikuta.

Mimi ni mke wa mtu, nafanya kazi kwenye mgahawa wa piza wa baba mkwe wangu, ule wa siku nyingi hapa mtaani wenye vitambaa vya meza vya mirabamiraba na tanuri la kuni, na siri yake ni donge la chachu alilolianzisha mwenyewe miaka arobaini iliyopita, kila siku tunakandia unga na kubakiza kipande cha kesho, hamira ya dukani haigusi, anasema ni ya watu wenye haraka. Sasa wiki tatu zilizopita aliniachia jiko, wateja wakajaa mpaka mlangoni, nikakanda, nikaoka, nikaimba, kuja kushtuka, kipande cha kesho nacho kimeliwa na watu wa meza ya dirishani! Nikakimbilia hamira dukani, na mpaka leo naitumia kwa kujificha, wateja wanasifu, na Baba anatafuna ukingo taratibu halafu ananiambia, "Leo unga umeumuka haraka, mwanangu, hongera," nami natamani ardhi inimeze. Uzee nao umeanza kumchezea, kila asubuhi anakoroga unga na maji kwenye bakuli, anafunika, anaacha nyuma ya tanuri, kesho yake anaongeza tena kana kwamba amesahau. Jumapili anataka kunikabidhi funguo mbele ya wateja wote na kulisifu lile donge, je, ninyamaze apate raha yake, au niseme nimvunje moyo?

Mla Donge

Mla Donge,

Pole, na unisamehe, nimecheka mpaka chai ikanipalia. Kusahau ni ubinadamu. Lakini wiki tatu za kujificha na pakiti ya hamira umezichagua mwenyewe, na hapo sikutetei. Mficha uchi hazai, binti.

Halafu eti uzee unamchezea! Mzee yuko macho kuliko wewe. Unga na maji, vikafunikwa karibu na joto na kuongezwa kila siku, hiyo ni chachu mpya. Mtu aliyekula piza ya mkono wake miaka arobaini asiijue hamira? Aliijua tangu tonge la kwanza. Hakukuaibisha mbele ya wateja, hakukusemea kwa mumeo, alianza upya kimyakimya huku akingoja ufungue mdomo. Huyo ndiye unaogopa kumvunja moyo?

Jumapili ni mbali. Kesho asubuhi, kabla mgahawa haujafunguliwa, nawa mikono, simama naye pale nyuma ya tanuri, useme, "Baba, nililioka lote, nikakuficha. Nisamehe." Usianze na habari za wingi wa wateja. Atakutania mwaka mzima, vumilia, ni haki yake. Ukimaliza, mwombe akufundishe kuitunza hiyo chachu. Funguo hata mlinzi hupewa. Chachu anakuwekea wewe.