Nimemficha Kaka Risasi Anazozitafuta

Mpendwa mshauri Bi. Verna, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya mashindano, maana nimefanya jambo ambalo hata kanisani sijathubutu kulisema.

Mimi ni mpishi wa shule, nina miaka arobaini na minne, na tangu theluji ya mwaka jana nimekuwa nikiunda bunduki ya shabaha, ile ndogo ya risasi za .22, ya komeo la kuvuta kwa mkono, kwa ajili ya daraja la bei nafuu hapa klabuni, ambalo kama ujuavyo linataka bunduki nzima isizidi dola mia sita na kazi uifanye mwenyewe, basi nikaanza na kuukuu moja niliyoipata kwenye mnada wa shamba, kitako kimepasuka na komeo limeshika kutu, nikaihangaikia juu ya meza ya jikoni, nikakwangua mbao kwa msasa mpaka karatasi ikawa inapita kati ya mtutu na kitako bila kukwama, nikamimina gundi ya epoksi ili chuma kikae imara, na mikono ikawa myeusi hata watoto wa shule wakaniuliza kama nimehamia gereji.

Kaka yangu mkubwa, tumwite R., ndiye bingwa wa daraja hili kwa miaka tisa, na siku alipoiona bunduki yangu alicheka mbele ya klabu nzima akasema, "Mdogo wangu, hilo rungu lirudishe jikoni ukapondee viazi!" nami nikamwambia, "Cheka tu, kaka, Oktoba utalia," naye akajibu, "Nikilia itakuwa ni moshi wa mapishi yako," watu wakaangua kicheko na mimi nikaapa moyoni kwamba safari hii nitamshinda, liwe liwalo.

Tatizo lilikuwa risasi, Bi. Verna, maana bunduki ilitawanya kila aina niliyoilisha, kumi na moja kwa jumla, mpaka siku moja nikajaribu boksi lenye namba fulani ya fungu, yaani zile zilizotengenezwa kiwandani pamoja, na kwa yadi hamsini matundu matano yakaingiliana hata kifungo cha shati kingeyafunika yote, nikalia palepale kwenye benchi kama mtoto, kisha nikaendesha moja kwa moja hadi duka la zana na chambo la mzee Sulo nikanunua maboksi yote sita ya fungu hilo yaliyobaki.

Kesho yake kaka akanipigia simu, kumbe na mtutu wake unapenda fungu hilohilo na lake limemwishia, akaniuliza, "Hujaziona popote, dada?" nami nikasema, "Sijaziona, kaka," akasema daktari amemwambia jicho lake la kulia linakufa na huu ndio msimu wake wa mwisho, "basi nitapiga na zozote zilizopo," akakata simu, na tangu hapo maboksi yako chumbani, siwezi hata kuyatazama, lakini mwaka mzima nimefanya kazi, Bi. Verna, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusema mikono hii inaweza chochote zaidi ya kukunja pasti za nyama na viazi, sasa nimpe nishindwe, au ninyamaze nishinde mara moja tu maishani?

Mpishi Mwenye Bunduki

*

Mpishi, kwanza hongera. Wanaume wengi wa klabu hiyo wananunua mtutu mpya kabla hawajakagua hata skrubu za kitako. Wewe umekwangua, umejaza, umejaribu aina kumi na moja, ukaisikiliza bunduki mpaka ikakuambia inataka nini. Kaka yako alikukosea kukucheka hadharani, nami ningekasirika kama wewe.

Sasa nikugombeze. Kununua hukukosea, cha dukani ni cha anayewahi. Kosa ni kumwambia ndugu yako "sijaziona" na maboksi yako chumbani. Mimi nimepiga shabaha miaka thelathini na moja, na mwaka mmoja nilimficha rafiki yangu fungu zuri. Nikachukua kikombe. Kiko kabatini mpaka leo na sijawahi kukipangusa vumbi, kwa aibu.

Halafu, mama, wewe unalisha watoto mia tatu kila siku, hesabu imekushinda wapi? Mashindano yanataka risasi themanini pamoja na za kujaribia. Maboksi matatu kwa kila mmoja ni mia na hamsini. Zinawatosha nyote wawili na chenji inabaki! Hasira ndiyo iliyokufumba macho.

Fanya hivi. Mpelekee maboksi matatu mwenyewe, mkononi, usimtume mumeo. Mwambie, "Kaka, nilikudanganya." Atafoka, mwache afoke. Na usibebe pasti ya kumtuliza, maana akishiba atakusamehe kabla hajakuelewa. Ukirudi nyumbani, bunduki usiiguse tena. Najua mkono utakuwasha uusugue mtutu mpaka ung'ae kwa ajili ya Jumamosi, na hapo ndipo wageni wengi wanapojiharibia: mtutu ukiwa safi mno, risasi za mwanzo zitakwenda zinakotaka. Iache na masizi yake.

Wala usichelewe. Nakala hii nimekutumia Jumatatu, na gazeti linatoka Alhamisi. Jina nimelificha kama ulivyoomba, lakini kaunti yetu ina wapishi wangapi wenye bunduki? Kaka yako akiyajua haya kwa kuyasoma, mimi sitakuwa na la kukusaidia.

Unaniuliza umpe ushindwe au unyamaze ushinde. Nani amekuambia utashindwa? Ukimshinda akipiga na risasi zozote alizookota, atasema mpaka kaburini kwamba kilichomshinda ni risasi, na ubaya wake, utajua anasema kweli. Huo si ushindi unaoutafuta. Jicho lake bado linaona msimu huu, na mwakani hutampata tena. Kwa hiyo Jumamosi kaa benchi la jirani naye, nyote wawili mpige kwa fungu moja, upepo mmoja, wakati mmoja. Akishindwa hapo hatakuwa na la kusingizia. Atakuwa ameshindwa na mikono yako.