Njia ya Kiboko

Michenga, Ifakara
Juni, 1956

Kaka yangu mpendwa Wendelin,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima huko kwenye mkonge, na kile kikohozi kiwe kimekwisha. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, meno yamemwisha lakini maneno bado anayo tele.

Uliponiandikia kwamba zama hizi za gari moshi na eropleni kiboko hana faida ila nyama, nilikubaliana nawe. Mwaka huu ametutesa. Nimekaa kwenye dungu nikipiga debe kumfukuza mpaka mikono ikafa ganzi, naye anakula mpunga taratibu kama mgeni mwalikwa. Basi nikaenda mwenyewe Ifakara kumwita askari wa nyama. Akaja na bunduki yake, akasema atampiga, mradi mwenye shamba atoe neno.

Siku hiyo hiyo shemeji yako Severini akarudi kutoka ng'ambo ya mto. Unakumbuka mwaka juzi wenzetu wa kule waliuliwa viboko wao wote kwa bunduki, wakala nyama na kucheza ngoma, nasi tukawaonea wivu. Severini akatueleza kwamba sasa matete yameziba njia yao yote ya kuingia bwawani. Kumbe viboko ndio waliokuwa wakiipasua kila siku kwa miili yao. Mitumbwi inaburutwa kwenye tope, na kambale hawapiti tena. Mzee Fulgensi, aliyeshangilia kuliko wote, anaomba aje kuvua kwetu. Nilicheka, kisha nikaogopa. Njia yetu ya bwawani inakatiza pale pale shambani, na anayeifungua ni kiboko huyu huyu. Mwaka jana mpunga ulipozama, samaki wa bwawa lile ndio walionilisha mimi na Mama.

Nikamwambia askari arudi. Majirani wakanifokea, wakauliza kama napenda wanyama kuliko watu. Nikawajibu kwamba simpendi hata kidogo, ananuka na ana dharau. Lakini kazi yake hakuna wa kuifanya, hata gari moshi lako hilo haliwezi.

Sasa kaka, kaa chini kwanza. Askari alitaka neno la mwenye shamba, na neno nililitoa mimi. Lakini shamba lililoliwa si langu. Ni lile la chini, ulilorithi wewe kwa marehemu baba. Nimemwachia kiboko. Nililia, maana baba alilifyeka kwa mikono yake. Langu la juu nimeligawa nusu kwa nusu, Mama akishuhudia, na Severini amepanda minyaa mpakani. Nusu yako umeshavuniwa, mpunga uko ghalani. Ukikasirika, kasirika, lakini mimi moyo wangu umetulia.

Wasalimie wenzako wote wa kambini. Njoo Pasaka, maji yakiwa yamejaa. Severini atakupokea kwa mtumbwi, mtapita katikati ya shamba lako bila kulowa hata kidole. Mwenyeji akiinua kichwa majini, umpishe, yuko kwake.

Ni mimi mdogo wako mkaidi, ninayekupenda,
Emerensiana