Akiulizwa Baba Yuko Wapi

Baba watoto,

Maharage yako kwenye friji, yapashe moto kabla hujaenda zamu. Bomba la jikoni likaze kwa nguvu. Paka ameshakula, asikudanganye.

Barua yako ya kuruhusu watoto wasafiri nami nje ya nchi ninayo mkobani. Uliisaini bila hata kuuliza tunarudi lini. Kama hukutaka tuende, ungesema.

Asubuhi hii nilikuwa nawafundisha watoto, maana watu wa uhamiaji wakiona mzazi mmoja huwauliza watoto wenyewe. Nikajifanya afisa: "Baba yenu yuko wapi?" Binti yako akajibu tulivyokubaliana: "Yuko kazini, anajua tunasafiri." Mdogo wake akatazama mlango wa chumba chetu. "Yumo ndani. Anajifanya amelala."

Nikamwambia ashushe sauti. Najua ulisikia, kitanda kililia.

Teksi imeshapiga honi mara mbili. Watoto wamesimama mlangoni na viatu mguuni, wanakungoja.

~~Tutarudi shule zikifunguliwa.~~ Nitakupigia tukifika kwa dada.

Mdogo amekuachia nusu ya mkate wake, nimeufunika kwa sahani. Afisa akimuuliza, nitamwacha aseme alichokiona.

Mama watoto